Filta ya ND ya kuzungusha: inafaa kwanjula, inashindwa Murchison

Filta ya ND, yaani kioo cheusi cha kupunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi, ya aina ya kuzungusha niliyoinunua Kampala, iliyoandikwa ND2–400 kwenye ukingo wake (hupunguza mwanga mara 2 hadi 400), inamfaa sana mpiga video wa sherehe, lakini mpiga picha wa mandhari haimfikishi mbali. Nimeitumia katika kazi zote mbili, nikiilinganisha na filta ya kawaida ya ND64 isiyobadilika, ambayo hupunguza mwanga mara 64.

Katika kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wazazi wa bibi harusi) ya mchana, jua likiwa kali, kamera iliyowekwa ISO 100 (wepesi wa kuhisi mwanga) na tundu la f/2.8 (upana wa njia ya mwanga) hudai kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya takriban sekunde 1/3200, ilhali video ya fremu 25 kwa sekunde huhitaji 1/50 ili mwendo wa wachezaji ngoma usionekane wa kukatikakatika. Tofauti hiyo ni hatua sita za mwanga, na kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu. Ukizungusha pete ya mbele, kazi imekwisha. Bibi harusi akiingia chini ya hema, unairudisha bila kufungua chochote.

Kwenye Maporomoko ya Murchison, nchini Uganda, ambako Nile hujibana katika mwanya wa mita 7 hivi kabla ya kuanguka takriban mita 43, mambo hubadilika. Filta hii ya kuzungusha ni vioo viwili vya polaraiza (vinavyopitisha mwanga unaotetema katika mwelekeo mmoja tu) vilivyopandana, na ukiizungusha karibu na mwisho wake juu ya lenzi pana, alama nyeusi ya X hujitokeza angani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile 400 iliyoandikwa haitumiki. Kibaya zaidi, mwanga wa upinde wa mvua unaotokea kwenye manyunyu una mwelekeo maalumu, hivyo pete ikifika pembe fulani, kipande cha upinde hufutika mbele ya macho yako. Anayezungusha ili apunguze mwanga hufuta upinde bila kukusudia.

ND64 haina kasoro hizo. Panapohitajika 1/60 bila filta, yenyewe hukupa sekunde moja, muda unaoyaacha maji na nyuzi zake na nguvu yake. ND1000, yenye hatua kumi, ingekupa sekunde 16 hivi, na maporomoko yote yangegeuka ukungu mweupe; hiyo naiona inafaa zaidi ufukweni mwa Ziwa Victoria kuliko hapa. Baadhi ya watengenezaji huandika 1.8 badala ya ND64 na 3.0 badala ya ND1000, kwa kuwa kila hatua huhesabiwa 0.3, kwa hiyo mnunuzi asome ukingo vizuri kabla ya kulipa.

Kwa filta nzito kama ND1000, fokasi iwekwe na kufungwa kabla ya kuivalisha, kwa sababu baadaye kamera huenda isione kitu. Manyunyu ya Murchison nayo hayana huruma: kitambaa kikavu kiwe karibu, na kioo kifutwe kila baada ya picha.

Ukiamua kununua, chukua ND64 yenye kipenyo cha lenzi yako kubwa kuliko zote, kwa mfano milimita 82, kisha utumie ringi za kuongezea kipenyo (step-up) ili filta hiyo ikae kwenye lenzi ndogo. Ni nafuu kuliko kununua filta kwa kila lenzi, ingawa kofia ya kukinga jua ya lenzi ndogo haitakaa tena, na jua la pembeni itabidi ulikinge kwa mkono.