Filta ya salfa ya biogesi, nzuri ila salfa yenyewe inapotea bure

Nimefunga ile filta ya chembe za oksaidi ya chuma kwenye bomba la biogesi nyumbani na kwa kweli harufu ya mayai viza imeisha, na jiko haliliwi na kutu kama zamani. Chembe zinaanza na rangi ya kutu, zikishiba haidrojeni salfaidi (gesi ya salfa inayonuka mayai viza) zinageuka nyeusi, unazitoa unazianika zinarudi kufanya kazi, lakini jamani zikipata hewa zinapata moto sana, zianikeni mbali na kitu chochote cha kuwaka. Na msitegemee pua kujua kama inavuja, hii haidrojeni salfaidi ikizidi inaua uwezo wa kunusa kwanza.

Kinachoniuma ni salfa kubaki imekwama humo, mwisho unatupa vyote. Kwa umeme haidrojeni salfaidi inaweza kupasuliwa ikatoa haidrojeni na salfa, kinadharia volti 0.17 tu wakati kupasua maji kunataka 1.23, shida salfa inaganda kwenye anodi (ncha chanya ya umeme), umeme unashindwa kupita. Watengenezaji wakitatua hilo watuletee hata ya mtambo mdogo, nanunua siku hiyohiyo! Kwa sasa nyota nne, chembe za kubadilisha bei iko juu mno.