Vipeperushi vya karatasi: tathmini ya huduma ya uchapishaji na usambazaji

Huduma hii, inayochapisha vipeperushi na kuvisambaza nyumba kwa nyumba kwa niaba ya wafanyabiashara wadogo, imenithibitishia kwamba karatasi bado inauza, mradi wateja wa biashara husika wawe wanaishi karibu nayo. Uchapishaji wenyewe ni mzuri: ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210, kwenye karatasi ya gramu 130 kwa mita ya mraba ambayo haijikunji ovyo kama ile ya gramu 80 inayotumika ofisini, na picha zimetoka wazi kwa kuwa wanadai faili zenye nukta 300 kwa inchi. Kilichonivutia zaidi ni ushauri wao wa kuweka punguzo lenye namba tofauti kwa kila mtaa, kwani mteja anapofika na kipeperushi mkononi, mwenye duka hujua papo hapo ni eneo gani limeleta wanunuzi na ni lipi limemeza karatasi bure. Bila alama hiyo, matangazo ya namna hii hubaki kuwa ya kubahatisha (jambo ambalo wachapaji wengi, kusema kweli, hawalijali). Usambazaji una kasoro ndogo, maana baadhi ya nyumba ziliachiwa nakala mbili. Kinyozi au fundi cherehani ningemshauri aitumie. Anayeuza mtandaoni pekee, hapana.