Uzoefu wangu wa kusoma usonara chuoni London

Nilisoma stashahada ya miaka miwili ya usonara na ubunifu wa vito katika chuo kimoja cha London, kisicho mbali na Hatton Garden, mtaa ambao karakana na maduka ya masonara wa jiji hilo yamesongamana tangu karne ya 19. Jina la chuo sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya niliyo nayo ya kusema si ya sifa, na kwa kuwa wenzangu waliosoma kwingine Uingereza wameniambia mambo yanayofanana sana na haya. Hukumu yangu ni kwamba anayetafuta ustadi wa mkono, yaani uwezo wa kukata, kulehemu na kupachika jiwe bila kulidhuru, atapata thamani ya fedha yake, ilhali anayetafuta kufundishwa biashara ya vito atalipa ada kubwa na kuambulia kidogo.

Muhula wa kwanza hakuna aliyegusa dhahabu. Tulianza na mabati ya shaba nyekundu, tukakatisha mistari iliyonyooka, kisha mistari ya mawimbi, kisha maumbo ya ndani ambayo lazima kwanza utoboe tundu kwa kekee ndipo upitishe wembe wa msumeno. Msumeno wa sonara una wembe mwembamba kama uzi, na meno yake huelekezwa chini, upande wa mpini, ili ukate unapovuta na si unaposukuma. Kiti ni kifupi na meza ni ya juu, karibu na kifua, ili macho yawe sawa na kazi bila mgongo kupinda. Ubao wa meza umekatwa nusu duara, na chini yake imetundikwa ngozi ya kukingia chenga, kwa sababu vumbi la fedha na dhahabu halifagiliwi likatupwa bali hukusanywa na kurudishwa kwa wasafishaji wa madini. Wanafunzi kadhaa waliliona zoezi hili kuwa la kuchosha, na wawili waliacha masomo kabla ya Krismasi. Mimi naliona kuwa ndilo lililolipia nusu ya ada yangu, kwa sababu mpaka leo nikichora mstari najua msumeno utaufuata.

Mwalimu wa karakana alikuwa mzee aliyeingia kazini akiwa mwanagenzi, si msomi wa chuo kikuu, na hilo lilionekana katika kila alichokigusa. (Ilinichukua muda kuzoea kumwita kwa jina lake la kwanza, kama wafanyavyo huko, mtu wa umri wa babu yangu; moyoni nilikuwa nikimwita Mzee.) Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alieleza jambo mara moja, akalifanya mbele yetu polepole, kisha akatuacha. Fedha, alituonyesha, hukakamaa kila unapoigonga nyundo, unapoivuta kuwa waya au unapoipitisha kwenye rola, na ukiendelea bila kuipa moto itapasuka. Dawa yake ni kuipasha mpaka karibu nyuzi 650 za Selsiasi, na kwa kuwa fundi hana kipimajoto mkononi, anatazama rangi: wekundu hafifu unaoonekana vizuri gizani tu, ndiyo maana pembe ya moto ya karakana yetu ilikuwa na mapazia hata mchana. Baada ya moto kazi huzimwa majini na kutumbukizwa kwenye asidi hafifu ili kuondoa weusi, na hapo hairuhusiwi kabisa kutumia koleo la chuma, kwani chuma kikigusana na asidi iliyokwisha kula shaba, fedha yote iliyomo hutoka ikiwa na utando wa rangi ya waridi.

Kulehemu ndiko kulikokuwa kiini cha mwaka wa kwanza, na kama ningeulizwa ni somo gani siwezi kulipata kwa kutazama video, ningetaja hilo. Fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha safi katika 1,000 na nyingine nyingi zikiwa shaba, huungwa kwa lihamu, yaani madini ya kuungia yanayoyeyuka kabla ya fedha yenyewe, za aina tatu zinazotofautiana kwa joto la kuyeyuka. Iliyo ngumu zaidi huyeyuka kati ya nyuzi 745 na 778, ya kati huanza nyuzi 720, na laini huanza nyuzi 705. Unaanza na ngumu kwa maungo ya kwanza na kumalizia na laini, ili moto wa ungo la mwisho usifungue la kwanza. Kwenye karatasi jambo hili ni jepesi mno. Mbele ya tochi ya gesi, nyuzi hizo chache zinapita kwa kufumba na kufumbua, na fedha yenyewe haiko mbali na kuyeyuka. Kinachofundishwa kwa kweli ni kuupasha moto mwili mzima wa kazi badala ya kuielekeza tochi kwenye lihamu, kwa kuwa lihamu hukimbilia penye joto. Mzee alikuwa akisimama nyuma yako, haongei, na ukiusogeza moto mapema mno unamsikia akivuta pumzi. Hakuna kitabu chenye sauti hiyo.

Humo humo tulijifunza pia habari ya doa la zambarau linalobaki chini ya uso wa fedha baada ya moto, ambalo ni shaba iliyounguzwa na hewa, na tukafanyishwa kazi kwa aina ya fedha iliyotiwa madini ya jemaniamu, iliyobuniwa na Peter Johns katika Chuo Kikuu cha Middlesex miaka ya 1990 ili kulizuia doa hilo. Ni fedha nzuri, ila ikiwa na moto hulegea na kuvunjika kirahisi, na mimi nimebaki na ile ya kawaida.

Mwaka wa pili ulikuja na mawe. Tulianza na kupachika kwa ukingo, ambapo utepe mwembamba wa fedha hulizunguka jiwe na kusukumwa juu yake pole pole, kisha tukaenda kwenye kucha, yaani vijino vya madini vinavyolishika jiwe kwa juu, na waliotaka wakaendelea na vipande vidogo vidogo vya almasi vinavyopangwa vikigusana. Katika trei ya mawe ya mazoezi mlikuwa na tanzanaiti, na nikiwa Mwafrika Mashariki pekee darasani niliulizwa habari zake kana kwamba nimezaliwa mgodini, ilhali mimi ni mtu wa Mombasa. Niliwaambia nilichokijua: kwamba linachimbwa Mererani, wilayani Simanjiro, na hakuna kwingine duniani, kwamba liligunduliwa mwaka 1967 na kupewa jina hilo la kibiashara na Tiffany, kampuni ya vito ya Marekani, mwaka 1968. Mwalimu wa mawe akaniongezea nisichokijua, kwamba mengi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia na hupashwa moto ndipo yakawa buluu, na kwamba ugumu wake katika kipimo cha Mohs ni kati ya 6 na 7 tu, dhidi ya 9 za yakuti na 10 za almasi. Tena lina upande ambao likigongwa hupasuka bapa. Kwa hiyo halipitishwi kwenye moto wa tochi, halisafishwi kwa mashine ya mtetemo, na katika pete ya kuvaliwa kila siku hupachikwa kwa ukingo unaolikinga badala ya kucha zinazoliacha wazi. Nimeona maduka mengi nyumbani yakiyauza katika pete za kucha ndefu bila kumwonya mnunuzi, na tangu darasa hilo siwezi kuyatazama bila kukunja uso.

Kuhusu kusubu kwa nta nitasema kidogo. Unachonga umbo kwa nta, unalizungushia plasta maalumu, tanuri linaiyeyusha nta itoke, na madini yanamiminwa katika uwazi ulioachwa. Niliandika insha yangu ya utafiti juu ya siwa ya shaba ya Lamu, baragumu kubwa ya sherehe, ambayo ilisubiwa kwa njia hiyo hiyo, na hii ni mojawapo ya nyakati chache ambapo upande wa nadharia ulinifaa. Programu za kuchora vito kwa kompyuta tulifundishwa haraka haraka mwishoni, na hilo ni kosa la mtaala, kwa sababu karakana nyingi za Hatton Garden sasa huuliza habari za kompyuta kabla ya kuuliza habari za tupa.

Malalamiko yangu makubwa ni saa za karakana. Katika maelezo ya chuo tuliahidiwa nafasi ya kufanya kazi nje ya vipindi, lakini fundi msimamizi alikuwa mmoja, na pasipo yeye hakuna ruhusa ya kuwasha moto, kwa hiyo siku nyingi milango ilifungwa alasiri. Usonara haujifunzwi kwa kusikiliza. Mtu akipunguziwa saa mezani amepunguziwa masomo yenyewe, hata kama mihadhara imeongezwa. Na mihadhara iliongezwa kweli: tulitakiwa kujaza daftari la michoro, kueleza chimbuko la kila wazo, na kutetea mbele ya jopo kwa nini bangili ni mraba, huku baadhi ya wanafunzi wakipata alama za juu kwa vitu ambavyo visingefungika mkononi. Pia fedha, mawe na vifaa vya mkononi tulinunua wenyewe juu ya ada, na ada ya mwanafunzi anayetoka nje ya Uingereza ni kubwa kuliko ya mwenyeji kwa kiasi cha kutisha. Biashara ilipewa vipindi vichache mwishoni, vya jumla mno: hakuna aliyetufundisha kupanga bei kwa kuhesabu uzito wa madini, saa za kazi na hasara ya chenga.

Kwa upande mwingine, chuo kilitusaidia kusajili mihuri yetu, yaani herufi za kila fundi zinazopigwa kwenye kazi yake, na hili silipuuzi. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1973, kitu cha fedha kinachozidi gramu 7.78 au cha dhahabu kinachozidi gramu 1 hakiwezi kuuzwa kwa jina la fedha au dhahabu mpaka kipimwe na kupigwa mhuri katika mojawapo ya ofisi nne, za London, Birmingham, Sheffield na Edinburgh. Alama ya London ni kichwa cha chui, inayotokana na sheria ya mwaka 1300. Pembeni yake huwekwa kiwango cha usafi na herufi za mwenye kazi. Kwa mnunuzi hiyo ni dhamana, na kwa fundi mchanga ni nidhamu, kwa maana kitu kisichofikia kiwango hakipigwi mhuri, hata uwe na maelezo mazuri namna gani.

Ndugu zangu wameniuliza kama nisingejifunza hayo kwa fundi wa Mombasa au Lamu bila kulipa chochote. Mengi ningejifunza. Wale mafundi wa Lamu wanaopachika vipande vya vyombo vya kale vya kichina katika pete za fedha wana mikono ambayo baadhi ya walimu wangu hawana. Lakini mwanagenzi kwa fundi mmoja hujifunza kazi za fundi huyo, na mambo ya mawe, asidi na viwango vya madini hupata kwa kuokoteza. Kwa anayeishi London tayari na ambaye hana haja ya cheti, ningemshauri ajaribu kwanza kozi fupi za jioni, ambazo hutumia karakana zilezile na mara nyingi walimu walewale, na ahudhurie ukumbi wa vito wa jumba la makumbusho la Victoria and Albert, ambao kiingilio chake ni bure na una vitu vya kumtosha kuchora mwaka mzima. Aliye kijana aulize pia habari za uanagenzi unaosimamiwa na Goldsmiths' Company, chama kilichopata hati ya kifalme mwaka 1327 na ambacho bado kinaandikisha wanagenzi.

Anayeamua kwenda chuoni, nami ningekwenda tena, adai kuoneshwa karakana siku ya kawaida ya juma, saa kumi alasiri, na ahesabu ni meza ngapi zina watu. Akikuta taa zimezimwa, ombi lake na alipeleke chuo kingine.