Uzoefu wangu: oili ya bodaboda na mafuta ya cherehani badala ya mafuta ya bunduki ya dukani

Bunduki nilizotumia kwa vilainishi hivi ni tatu, zote za leseni: shotigani ya kupampu ya kaliba 12, shotigani ya mtutu mmoja ya kukunja, na bunduki ya bolti (kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kufunga nyuma ya mtutu) ya kaliba .22. Mahali ni Tanga, karibu na bahari, ambako chuma kilichofutwa kikabaki kitupu huanza kushika kutu ndani ya siku chache tu. Kwa ufupi, upande wa kulainisha, karibu oili yoyote safi ya mashine inafanya kazi. Ila anayedhani pesa inaokolewa hapo amekosea hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua sirinji ya mililita 1 ya duka la dawa, vuta oili, hesabu matone: utapata 30 au zaidi. Shotigani ya kupampu ikishasafishwa inataka matone 8 hadi 10 kwa jumla. Kwa hiyo chupa ya mililita 100 ya mafuta halisi ya bunduki inatosha kulainisha mara 300. Hata ukisafisha kila wiki, hiyo ni karibu miaka 6. Tatizo ni kwamba watu wengi huyatumia mafuta hayo kusuuzia: wanapulizia ndani ya mtutu, wanalowesha brashi, wanaosha bolti nayo, na chupa inaisha mwezi wa pili. Kusafisha kunakula mililita 20 hadi 30 kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo kitu cha bei nafuu kinapolipa. Nitaanza na vilainishi kwa sababu ndivyo watu wanavyouliza, kisha nije kwenye kisafishio.

Oili ya injini ya 20W-50, ileile ya bodaboda na magari ya zamani, naipa 4 kati ya 5. Ina viungo vya kuzuia chuma kisisagike, inavumilia joto, na haikauki. Ni nzito: kwenye nyuzi 40 za Selisiasi ugumu wake wa kutiririka ni mara nne hadi tano ya ATF (oili ya giaboksi za otomatiki), kwa hiyo hukaa pale ulipoiweka hata bunduki ikisimama kabatini mwezi mzima. Kwenye fito mbili za pampu, vyuma virefu vinavyounganisha pampu na bolti, ni nzuri sana. Kasoro yake ni kwamba haifukuzi maji. Chuma kikiwa na unyevu, oili inakaa juu ya unyevu na kutu inaendelea chini yake kama kawaida. Kausha kwanza. Wala huna haja ya kununua lita nzima: gereji yoyote ina chupa tupu za oili mpya, na ukisimamisha moja kichwa chini juu ya kichupa kidogo usiku kucha utapata kijiko cha chai kimoja au viwili, yaani matone 150 hadi 300, zaidi ya mwaka mzima kwa anayesafisha mara moja kwa mwezi. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe kabla ya kuitumia. Likisambaa rangi ya asali bila kiini cheusi, iko sawa.

Oili chafu, iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ni jambo jingine kabisa. Imebeba masizi, chembe za chuma na asidi zilizotokana na kuungua kwa mafuta, na asidi hizo ndizo zinazoleta kutu. Kupaka miti ya dari dhidi ya mchwa, sawa. Kwenye bunduki, hapana, hata kwa bure.

ATF, ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki, ni nyepesi kuliko oili ya injini na inapenya vizuri. Naitumia zaidi ndani ya kisafishio, lakini peke yake pia inalainisha bolti ya .22 bila malalamiko. Rangi yake tu inaingia kwenye mbao za kitako, na haitoki.

Mafuta ya cherehani, yale meupe ya kichupa chenye mdomo mwembamba, ndiyo ninayoyapenda kwa sehemu ndogo: vishikizo vya kifyatulio, kitufe cha usalama, mhimili wa kivuta ganda. Hayana harufu, hayachafui nguo, hayaachi gundi. Ila ni mepesi mno kwa kuzuia kutu huku pwani. Baada ya wiki mbili hivi mtutu uliopakwa hayo peke yake ukiushika kwa kidole mkavu unahisi umekauka, na hapo lazima urudie. Kwa anayeishi Dodoma au Singida, ambako hewa ni kavu, huenda hayo tu yakamtosha.

Grisi ya lithiamu, namba 2, ya kawaida ya beringi: hii ni kwa sehemu zinazobeba mzigo na kusuguana polepole. Pini ambayo mtutu wa shotigani ya kukunja unazungukia ndiyo mahali pake hasa. Kiasi ni punje moja ya mchele, ikisambazwa kwa kidole mpaka chuma kionekane kinang'aa tu. Masikio ya bolti yanayofunga risasi yanataka nusu ya hapo. Meno ya choki (kipande kinachofungwa mdomoni mwa mtutu kubana marisau) pia yapake grisi kidogo, la sivyo itakuja kushikana na mtutu na utaitafuta spana kwa machozi. Hasara ya grisi ni vumbi. Ikizidi, kila chembe ya mchanga inayopita inanaswa, na grisi yenye mchanga ni msasa.

WD-40 ina sifa kubwa kuliko kazi yake kwenye bunduki. Ilibuniwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, na jina lake ndilo linasema hivyo: herufi zake ni za maneno ya Kiingereza ya kuondoa maji, na 40 ni jaribio la arobaini. Bunduki ikinyeshewa, puliza, subiri dakika chache, futa, kisha weka oili ya kweli. Sehemu kubwa yake ni kiyeyushi kinachoruka hewani, na kinachobaki ni utando mwembamba ambao ukirudiwarudiwa bila kufutwa unageuka kuwa utomvu wa kahawia ndani ya kifyatulio. Halafu inapenya mno. Usiipulize karibu na risasi, kwa sababu ikiingia kwenye fataki ya risasi (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), risasi inagoma.

Mafuta ya kupikia yanaulizwa kila mara. Angalia nje ya chupa ya mafuta ya alizeti jikoni, pale yalipotiririka yakaachwa: kuna gundi ya manjano inayonata na haitoki kwa maji. Gundi hiyohiyo itakuwa kwenye pini yako ya kupigia fataki baada ya miezi michache, kwa sababu mafuta hayo hushika hewa na kuganda taratibu. Ya nazi hayana tabia hiyo sana, lakini yanaganda yakishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi. Tanga mchana hutaona tofauti. Lushoto alfajiri, bolti itakuwa imejaa kitu cheupe kama mshumaa. Mafuta ya breki usiyaguse kabisa. Yanavuta maji kutoka hewani na yanaivua vanishi ya kitako.

Sasa kisafishio, ambacho ndicho kilichonipunguzia gharama kweli. Kuna mchanganyiko wa Kimarekani uitwao Ed's Red, uliotangazwa na C. E. Harris, na wenzetu wa huko wanaoutengeneza nyumbani wanaujua vizuri. Ni sehemu nne sawa: ATF, mafuta ya taa, tapentaini ya madini (ile ya wapaka rangi iitwayo white spirit), na asetoni. Mimi huchanganya mililita 250 za kila kimoja nikapata lita moja. Asetoni inaweza kuachwa, na kwa .22 huwa naiacha. Kwa shotigani naiweka, kwa sababu kikombe cha plastiki kilichomo ndani ya risasi huacha utando wa plastiki mtutuni, na asetoni inasaidia kuulegeza.

Changanya nje, kwenye hewa, mbali na jiko la mkaa, la gesi na sigara. Mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kuufuata moto uliko. Tumia kopo la bati lenye kifuniko cha kukaza. Chupa ya maji ya kunywa haifai, na pia ipo hatari ya mtoto kuidhani juisi, kwa ile rangi nyekundu. Vaa glavu. Usiguse nayo kitako chenye vanishi wala sehemu za plastiki. Kopo likiachwa wazi asetoni inaruka yote, na kinachobaki kinasafisha pole pole zaidi.

Usipotaka kuchanganya chochote, mafuta ya taa peke yake yanafanya robo tatu ya kazi. Tangu kodi yake ilipopandishwa mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli si ya bei ya kutupa kama zamani, lakini nusu lita inakaa muda mrefu. Kosa kubwa ni kuyaacha kama kilainishi. Mafuta ya taa yanaosha oili yote iliyokuwepo na hayaachi kinga ya maana, na kesho yake asubuhi unaona unga wa rangi ya chungwa kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Lazima yafutwe kabisa, kisha oili iwekwe.

Ninavyofanya kwa shotigani ya kupampu: risasi zote zinatoka na kupelekwa chumba kingine, chemba naiangalia kwa macho na kuigusa kwa kidole, bomba la risasi vilevile. Naondoa mtutu. Nalowesha kitambaa cha pamba cha sentimita 7 kwa 7 (fulana kuukuu ni bora kuliko kanga, inanyonya zaidi) kwa kisafishio, nakipitisha kutoka upande wa chemba kwenda mdomoni, na kusubiri dakika 10 hadi 15. Kungoja huku ndiko kunakofanya kazi. Kisha brashi ya shaba mara 10 kwenda na kurudi, nikihakikisha imetoka yote kabla ya kuirudisha, kwani kuigeuza katikati kunakunja nywele zake. Vitambaa vikavu vinafuata mpaka kimoja kitoke safi. Bolti nayo naisugua kwa mswaki wa zamani.

Oili inakuja mwisho, kwa sirinji: tone moja moja kila upande wa fito za pampu mbele na nyuma, hayo manne. Mawili kwenye mapito ya bolti. Moja kwenye sikio linalofunga. Moja la mafuta ya cherehani kwenye kila mhimili wa kifyatulio. Vuta na sukuma pampu mara tano, futa kinachotokeza nje. Ndani ya mtutu ni kitambaa kilichoguswa kwa matone mawili tu. Kwenye tundu la pini ya kupigia fataki siweki kitu. Oili humo hushika masizi, pini inakuwa nzito, pigo linakuwa dhaifu, na watu wanailaumu risasi. Wenye shotigani zinazojipakia kwa nguvu ya gesi nao waache pistoni ikiwa kavu, maana masizi yakichanganyika na oili hapo yanakuwa keki ngumu.

Kabla ya kufyatua, pitisha kitambaa kikavu mtutuni na kwenye chemba. Si ushauri wa urembo. Ganda la risasi linapaswa kung'ang'ania kuta za chemba wakati wa mlipuko. Kuta zikiwa na oili ganda linateleza nyuma na mzigo wote unaangukia bolti.

Kuhifadhi: mdomo wa mtutu chini kidogo, au bunduki ilazwe. Ikisimama kitako chini, oili inateremka mwaka baada ya mwaka hadi shingo ya kitako, mbao inakuwa nyeusi na laini kama ngozi, na siku moja inapasuka pale skrubu zinaposhika. Nje ya mtutu, kwa safari ndefu ya kabatini, hata Vaselini iliyopakwa kwa kiganja inazuia kutu vizuri. Ifute kabla ya kwenda juani, itayeyuka mikononi.

Wenye gobore wasifuate mengi ya haya. Baruti nyeusi ikikutana na oili ya madini inatengeneza lami ngumu mtutuni, na risasi ya tatu au ya nne haishuki tena kwa ufito. Huko dawa ni maji ya moto yenye sabuni, siku ileile ya kufyatua, mpaka yatoke meupe. Yakiwa ya moto kweli chuma kinakauka chenyewe. Kisha mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa pamoja na nta ya nyuki, nusu kwa nusu, yakapakwa membamba. Maji na sabuni ndiyo njia pia kwa risasi za kizamani za kijeshi zenye fataki za chumvi: oili haiyeyushi chumvi, inaifunika tu, na chumvi inaendelea kuvuta unyevu chini yake.