Pikapu iko sawa, broka ndiye mbovu: uzoefu wangu Nakuru

Hii hasira nimekaa nayo tangu msimu wa viazi uanze na nimeona heri niiandike kabla sijaimalizia kwa mtu hana makosa. Nimenunua Hilux ya zamani, kebini moja, injini ya dizeli ile 3L (hilo ni jina la injini, si lita tatu), namba zake bado zinaanza na KA. Kama unataka jibu fupi uende zako, gari ni ya maana na ile yadi usikanyage. Ama kanyaga, sijui, soma kwanza.

Mimi hutoa viazi Mau Narok nauza soko la Wakulima hapa tauni, na nilikuwa nimechoka kukodisha, unalipa gari, unalipa dereva, unalipa tanboi, alafu ikizimika pale Njoro mzigo unaoteshwa jua ni wako peke yako. Kwa hivyo nikaenda yadi moja njia ya kuelekea Lanet na fundi wangu, mzee wa jua kali ambaye ameshika injini za dizeli tangu mimi nikivaa yunifomu, na kijana wa shangazi yangu ambaye hata baiskeli haendeshi vizuri. Broka akatoka kwa kile kibanda anaita ofisi, akasalimia fundi, akasalimia kijana, mimi akanipita kama mlingoti wa stima.

"Boss," anamwambia kijana wa shangazi, "hii ilikuwa ya mzungu wa Naivasha, haijawahi kubeba mzigo." Kijana anaitikia tu kwa kichwa. Fundi akamwambia, mwenye pesa ni huyu mama. Jamaa akaniangalia juu chini, akacheka kidogo, akarudi kuongea na kijana. Sawa. Nikanyamaza, nikafungua boneti mwenyewe, nikanyoosha mkono kwa kifuniko cha oili, na hapo ndio akanikumbuka.

"Mama, hii si sufuria. Usifunue funue."

Wueh. Wateja wengine wawili walikuwa hapo na walicheka. Sijasahau hiyo sentensi mpaka leo, nikiwa nimelala naikumbuka, nikichuja chai naikumbuka. Huyu ni mtu anataka kunitoa zaidi ya laki sita na hataki nifunue!

Na sasa kwa sababu mkono ulikuwa hapo tayari, nikahisi injini ina joto. Asubuhi, jua halijashika, na chuma kina joto. Fundi naye akagusa, akaniangalia, hatukuongea. Kwa mwenye hajui, injini ya dizeli ya umri huo inasema ukweli ikiwa baridi. Ikishapashwa nyingi zinawaka kwa mara moja, hata zile zimechoka. Ukiikuta na joto ujue kuna mtu aliamka mapema kwa sababu yako. Nikamwambia broka nitangoja ipoe. Akasema ana wateja wengi. Nikamwambia awahudumie, mimi niko pale ng'ambo nakunywa chai.

Tukakaa kwa kile kibanda, mandazi ya jana lakini acha tu. Jamaa akaenda kwa gari na funguo, ati anachaji betri. Nikapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Baadaye akajaribu tena, ati anataka kuisongesha kivulini ndio ipoe haraka. Hapo nikatuma kijana wa shangazi akakae juu ya boneti, na akakaa, na simu yake, mpaka saa ya chakula karibu. Hiyo ndiyo kazi ya maana alifanya siku hiyo.

Ikapoa. Fundi akaingia, akawasha, ikazunguka, ikazunguka, ikakohoa, ikashika na moshi mweupe na mtetemeko, alafu baada ya muda mfupi ikatulia na moshi ukaisha. Mimi roho ilikuwa mkononi. Fundi anatabasamu. Akanieleza kwamba ule moshi mweupe unaonuka dizeli na kupotea ni mafuta ambayo hayajachomeka, glo plagi zingine, zile za kupasha ndani ya injini ndio iwake ikiwa baridi, zimekufa, basi. Mweupe wenye hauishi, na maji ya radieta yanapungua, hiyo ni gasketi ama hedi imepasuka, hapo kimbia. Bluu ni oili inachomeka. Mweusi ukikanyaga mafuta ni hewa haipiti vizuri, wakati mwingine ni filta tu chafu, ama nozeli. Akafungua kifuniko cha oili (kile changu cha sufuria!) injini ikinguruma, akakilaza juu ya tundu bila kukaza. Kikachezacheza hapo bila kurushwa. Ringi za pistoni zikiwa zimekwisha kingerushwa na moshi ungepumua nje kwa nguvu. Kwa ndani hakukuwa na ule ute mweupe, kwa hivyo maji na oili hazijakutana.

Sasa niulize, alikuwa anaficha nini? Glo plagi! Kitu cha kubadilisha na gari ikaamka vizuri, ndio mtu anaamka alfajiri kupasha injini na kunitusi mbele ya watu? Angesema tu, mama, plagi mbili hazifanyi kazi, ningemwambia asante na ningelipa bila maneno mengi. Hii ndiyo inaniuma zaidi, alinidanganya juu ya kitu kizuri.

Mahali kulikuwa na shida ya kweli yeye hata hakujua kuificha vizuri. Nilikuwa na sumaku nimetoa kwa spika iliyoungua. Unaipitisha chini ya milango, kwa fenda, pembeni za bodi ya nyuma, ikishika ni bati, ikianguka ni fila ya kuzibia kutu imepakwa rangi. Chini ya mlango wa abiria ilianguka. Juu ya gurudumu la nyuma ikaanguka. Nikainua ile kapeti ya raba kwa bodi, nikaona nyasi. Bado hiyo ni bati, bati inachomelewa. Chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, ndiyo mambo. Chini kote walikuwa wamepaka oili chafu ikang'aa vizuri, na fundi huwa na kanyundo kadogo, akalala chini akaanza kugonga kutoka mbele kwenda nyuma. Mbele ilikuwa inalia ngaa, ngaa. Kufika pale springi ya nyuma imeshikwa, sauti ikawa ya kitu kimeoza na magamba ya kutu yakamwangukia usoni. Broka naye akaruka, "Mzee unavunja gari ya wenyewe!" Nyundo kadogo ivunje gari? Kama inavunjika na hiyo, magunia je?

Safari ya kujaribu sasa. Jamaa akasema tuzunguke hapo hapo yadi kwa sababu mafuta ni ghali, na ya kwamba fundi aendeshe, yeye akae kati, na mimi, nisikizeni vizuri, mimi nipande nyuma. Kwa bodi. Nikaingia upande wa dereva nikafunga mlango. Nikamwambia apande yeye nyuma kama anaogopa itapotea, na alipanda. Tukapanda nayo ule mlima wa kwenda Menengai, na pale mwinuko unashika ndio unajua klachi, ukikanyaga injini ikapaa na gari haiongezi ujue sahani imekwisha. Yetu ilivuta. Kurudi ukiteremka unaachilia mafuta ukiwa na gia ya tatu uone kama itaruka, haikuruka. Usukani ulikuwa na kilegevu, brake ilivuta kushoto kidogo. Joto likabaki katikati. Nikatoka hapo nimependa hiyo gari na nimemchukia huyo mtu, na sijawahi kuwa na hisia mbili hivyo kwa wakati mmoja.

Bei tukashusha kwa sababu ya chesisi, karibu laki nzima. Lakini logbuku, ile hati ya umiliki, ilikuwa na jina la mtu mwingine kabisa. Tukatafuta rekodi ya gari kwa akaunti ya NTSA, ile mamlaka ya usafiri, pale eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hakuna mkopo umeshikilia, na namba ya chesisi ile imegongwa kwa chuma chenyewe karibu na gurudumu la mbele upande wa kulia ikafanana na ya karatasi. Broka anasema nitume pesa kwa simu yake, yeye atamtumia mwenye gari. Nikakataa. Silipi mtu hayuko kwa logbuku, na isitoshe uhamisho wa umiliki unaanzishwa na mwenye gari kwa akaunti yake ndio mimi nikubali kwangu, sasa broka ataanzisha na akaunti ya nani? Akanuna, akapiga simu.

Mwenyewe akaja. Mzungu wa Naivasha alikuwa mzee wa Bahati na kofia yake na fimbo, anabeba maziwa na hiyo gari miaka na miaka. Akanisalimia mimi kwanza. "Mama, huyu broka alikupatia daftari?" Daftari gani? Broka akaanza kutafuta kitu kwa simu. Mzee alikuwa ameandika kila kitu kwa kitabu cha shule, oili ilibadilishwa lini, beringi gani, belti ya taimingi iliwekwa kilometa ngapi, hata glo plagi ameandika kwamba zinasumbua na mnunuzi aambiwe. AAMBIWE. Na ile belti si mchezo, kwa hizo injini ikikatika vali zinagongana na pistoni na unaanza ovahoo, kwa hivyo hiyo karatasi moja ilikuwa na maana kuliko maneno yote yalisemwa hapo yadi. Daftari ilitoka kwa droo ya hiyo ofisi, chini ya gazeti.

Nilitaka kusema usinunue kwa broka kamwe. Ndivyo nilikuwa nimeandika mwanzo, nikafuta. Ukweli ni kwamba huyo mzee ningempata wapi? Hana hata simu ya intaneti, uhamisho wenyewe ulifanywa na mjukuu wake. Bila yadi hiyo gari ingeozea Bahati. Alafu nikikumbuka sufuria narudi pale pale, hapana, usiende, tafuta mzee wako mwenyewe huko mashambani.

Gari yenyewe sasa imechomelewa pale nyuma na kuongezwa bamba, plagi mpya, brake zimerekebishwa, na inashuka kutoka Mau Narok imejaa bila kulalamika. Magunia ni ya kilo 50 kama sheria inavyosema, zile za kujazwa kupita mdomo na kufungwa mukorino juu kama kilemba sibebi, hata nikiombwa. Oili nimebadilisha na nikaandika kwa daftari ya mzee, chini ya mwandiko wake.

Na broka juzi amenipigia simu, "madam, kastoma wangu," ati kama niliridhika niandike maneno mawili watu wajue yadi yake. Haya, nimeandika.