Pampu ya betri ya tangi la samaki: someni haya kabla hamjanunua

"Mama, hao ni samaki tu. Si ungewakaanga?"

Maneno hayo niliambiwa na mwenye duka aliyeniuzia pampu hii, mbele ya wateja wake, na mimi nimesimama na pampu iliyokufa ndani ya kikapu. Kwa hivyo mkiona hasira humu, mjue imetoka wapi.

Nazungumzia zile pampu ndogo za hewa zenye betri ndani. Unaichomeka ukutani inakaa kimya, stima zikikatika inajiwasha yenyewe. Nilitoa shilingi 2,500. Sisi wa Tudor, hapa Mombasa, twajua stima zikienda haziagi, na sebuleni nina tangi la lita 120: goldifishi watano na gurami wawili. Goldifishi mkubwa, mweupe mwenye kiraka chekundu kichwani, binti yangu amemlea tangu yuko nasari, na sasa yuko darasa la nne. Mtu asiniambie ni samaki tu.

Ilikuwa siku za kaskazi, joto lile la kulala na madirisha yote wazi na bado shuka linalowa. Stima zikaenda baada ya magharibi. Filta, ile mashine ya kusafisha maji, ikanyamaza, na papo hapo pampu ikaanza kuvuma, ikapumzika, ikavuma tena. Nilifurahi, wallahi. Nilimpigia dada yangu kule Kisauni nikamwambia naye akanunue. Kwa muda wa saa mbili hivi nilikuwa mtu wa kuisifu.

Halafu sauti ikabadilika, ikawa yakoroma kama mtu mwenye mafua. Mwisho ikazima. Nikamulika tochi kwenye tangi: goldifishi wote watano wako juu, midomo imetoka nje ya maji, mashavu yanafunguka na kufumba mbiombio. Gurami hawakuwa na neno. Wao wameumbwa na kiungo cha kuvuta hewa ya juu, wanapanda wakameza funda moja wakarudi zao chini. Goldifishi hana bahati hiyo, anategemea kile kilichomo ndani ya maji.

Nikakumbuka kikaratasi kilichokuja na pampu, nikakisoma kwa tochi. Kimeandikwa: stima zikipotea, funika tangi kwa blanketi maji yasipoe. Blanketi! Kipimajoto changu kilisoma nyuzi 31. Hapa kwetu shida ni joto, na joto ndilo linalowaua, kwa sababu maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi. Lita moja ya maji kwenye nyuzi 20 inabeba kama miligramu 9, kwenye nyuzi 30 inashuka hadi kama 7.5, na samaki mwenyewe akipata joto anataka hewa zaidi. Blanketi langu lingewamaliza wote. Nilitoa chupa ya barafu kwenye friza nikaiacha ielee pembeni, moja tu, maji yasije yakapoa ghafla nikawaua kwa njia nyingine.

Kisha nikashika jagi. Unachota, unanyanyua mkono hadi usawa wa kichwa, unamimina kwa kishindo, maana maji yakivunjika juu ndipo yanachukua hewa. Unachota tena. Binti alinishikia tochi mpaka usingizi ukamwangusha hapo hapo mkekani. Nilimimina hadi adhana ya alfajiri, mabega yakawa si yangu. Mkeka ulilowa chapachapa, nikadhani ni mimi ninayemwaga. Watatu walikufa mikononi mwangu, mmoja baada ya mwingine. Yule mweupe alibaki amelala ubavu, anapumua.

Asubuhi stima ziliporudi nilishachomoa filta. Hili ni muhimu kwa yeyote mwenye tangi: sponji ya filta iliyokaa usiku kucha bila maji kupita, bakteria wake wazuri wanaosafisha maji wanakufa kwa kukosa hewa, na ukiiwasha hivyo inawatapikia samaki uchafu wote. Niliisuuza kwa maji ya tangi lenyewe ndani ya ndoo, si ya mfereji yenye klorini. Ilinuka mayai viza. Chakula sikuwapa hadi siku ya pili.

Basi nikaenda dukani. Sikwenda kugombana. Nilisalimia, nikaeleza. Hakuigusa hata pampu. Akasema kitu cha betri hakirudishwi. Akauliza walikufa wangapi, nikamwambia watatu, ndipo akanijibu hilo la kukaanga, na watu wakacheka. Nyuma yake matangi yamejaa samaki, yanatoa mapovu vizuri, na nje ya mlango jenereta imewekwa tayari. Yaani yeye anajua! Anajua kabisa samaki bila hewa anakuwaje, ndiyo maana amenunua jenereta, na mkate wake wa kila siku unatoka kwenye matangi hayo. Sikumjibu. Nilihofia nikifungua mdomo nitalia.

Kijana anayemsafishia matangi alinifuata nje hadi kwenye tuktuk. "Samahani mama, nipe niione." Akaitikisa, ikalia chubuchubu ndani. Akaniuliza naiweka wapi. Kwenye rafu chini ya tangi, nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Hii inavuma kidogo inapumzika, betri idumu. Ikipumzika, maji yanarudi na mpira wa hewa polepole. Ikiwa iko chini ya usawa wa maji, yanateremka mpaka ndani ya mashine." Kumbe mkeka haukuloweshwa na jagi langu peke yake. Alinipa kivalvu kidogo cha plastiki cha kukata mpira katikati na kukichomeka, hewa ipite kwenda na maji yasirudi. Shilingi 50. Akanishauri pia niipandishe pampu juu ya tangi, na niikaushe siku kadhaa kabla sijaijaribu.

Kwa hivyo niseme kweli, pampu yenyewe si mbaya. Nilikuwa nimeanza kuandika kwamba ni takataka, nimefuta. Imekauka, imewaka, na juzi juzi stima zilipokatika tangu alasiri hadi watu wanatoka msikitini isha, haikuzima hata mara moja. Goldifishi wawili waliobaki walikuwa wakiogelea kama kawaida, yule mweupe anakuja kiooni kumtazama binti. Jagi lilikuwa mezani, sikuligusa. Nyota nne ningetoa.

Lakini kila nikifikiria nne, nasikia kile kicheko. Kivalvu cha shilingi 50 hakikuwemo kwenye boksi. Kikaratasi kimepata nafasi ya kunieleza habari za blanketi, hakikupata nafasi ya kusema usiiweke chini ya usawa wa maji. Na mwenye duka alipokea pesa yangu akajua naenda kuiweka wapi, kwa sababu nilimwambia, nilimuuliza kabisa kama rafu ya chini inafaa, akasema weka popote mama.

Nyota mbili. Ya pampu moja, na ya yule kijana moja.