Mafunzo ya wakaanga chipsi Dodoma: tathmini ya mshiriki

Nikiwa na banda la chipsi Majengo, nilihudhuria mafunzo ya siku mbili ya kukaanga chipsi zisizonyonya mafuta mengi, na nakiri kwamba yamebadili kazi yangu. Tulifundishwa kukata viazi vipande vinene, kwa kuwa vipande vyembamba vina eneo kubwa zaidi la kushika mafuta, na kuyafikisha mafuta nyuzi joto 175 hadi 180 kabla ya kutumbukiza viazi vilivyokaushwa maji.

Somo lililonigusa zaidi lilihusu dakika ya kuopoa. Sehemu kubwa ya mafuta huingia ndani ya kiazi pale kinapoanza kupoa, kwa hiyo chujio linapaswa kutikiswa papo hapo, ilhali sisi tulizoea kuzimwaga chipsi moja kwa moja kwenye kabati la vioo. Tulikumbushwa pia kutozikaanga hadi ziwe kahawia, kwa sababu ndipo akrilamidi, kemikali inayohofiwa kuchangia saratani, inapoongezeka, na kuchuja mafuta kila siku badala ya kuongeza mapya juu ya yale yaliyokwisha kuwa meusi. Mafuta ya alizeti ya hapa kwetu na Singida yanafaa, mradi yawe yamesafishwa.

Kasoro yake ni kwamba mazoezi yote yalifanyika kwenye jiko la gesi, wakati wengi wetu tunatumia mkaa, ambao moto wake ni mgumu kuudhibiti. Waandaaji waongeze siku ya tatu kwa ajili ya karai na mkaa, na kila mshiriki apewe kipimajoto.